Hadithi moja, maana tano: ipi inashika?

SWALI

Assalaam aleikum mwalimu. Sisi ni wanawake wa Langoni, Lamu, tunaokutana kila Alhamisi baada ya alasiri kusoma hadithi fupi. Juzi mwenzetu mmoja alituletea aliyoitunga mwenyewe, na kipande hiki kikatuzulia mzozo:

"Kila Ijumaa Mama hupakua wali mara mbili, sinia yetu na sahani ya Baba. Sisi hula tukamaliza. Sahani ya Baba hufunikwa kawa, na alasiri Mama huvaa buibui akatoka nayo, akarudi nayo tupu. Baba anakula kazini, na kazi yake ni mbali. Siku moja Bwana Athmani alipita, akaketi dakani, akasema kusi imetulia na vyombo vimeanza kutoka tena. Mama hakumjibu. Alipanda juu akalifunga dirisha linalotazama pwani, akatia komeo. Ijumaa iliyofuata Mama alipakua sinia tu. Nilikula mpaka nikashiba, na Mama akanitazama nikila."

Mmoja wetu alisema baba amezama baharini na chakula kile ni sadaka. Wa pili akasema baba ana mke mwingine. Wa tatu akasema yuko jela. Wa nne akasema mwenzetu anajisimulia mwenyewe, maana baba yake alikuwa baharia. Wa tano akasema fasihi ni kila mtu na maana yake, tusigombane. Mtunzi amekataa kusema. Je, kuna tafsiri iliyo sahihi, na inajulikanaje? Tena, binti yangu wa kidato cha tatu husoma mwongozo kabla ya riwaya yenyewe. Nimwachie?

JIBU

Wa aleikum salaam dada yangu. Nianze na yule wa tano, kwa sababu kauli yake ndiyo inayofunga mazungumzo kabla hayajaanza. Ni kweli kwamba hadithi haina maana moja ambayo mtunzi ameikalia akisubiri tuikisie. Lakini hilo halifanyi kila maana ikubalike. Tafsiri ni dai, dai hudaiwa ushahidi, na ushahidi wa hadithi ni maneno yaliyoandikwa. Tafsiri mbili zaweza kusimama pamoja na ya tatu ikaanguka kwa kukosa pa kushika. Kwa hiyo swali lenu la Alhamisi liwe hili: tafsiri ipi inabeba maneno mengi zaidi ya kipande hiki bila kuyalazimisha, na ipi inayaacha njiani?

Kabla ya kuuliza baba yuko wapi, ulizeni ni nani anayetusimulia. Ni mtoto. Umri wake hatukupewa, lakini tunauona katika anachokijua na asichokijua. Anajua sahani imetoka imejaa na imerudi tupu. Hajui imekwenda wapi, na wala haulizi. Wanafasihi humwita huyu msimulizi wa nafsi ya kwanza, na kazi yake ni tofauti kabisa na ya msimulizi maizi, yule anayeingia kila chumba na kila moyo. Huyu wetu anaona mlango, sahani na uso wa mamake, basi.

Sasa itazameni sentensi moja: "Baba anakula kazini, na kazi yake ni mbali." Haina "Mama alisema". Imewekwa kama jambo la hakika, tena kwa -na- ya wakati uliopo, ilhali sentensi zote zilizoitangulia zimesimuliwa kwa hu- ya mazoea. Hapo tieni alama ya kuuliza. Haya ni maneno ya mtu mzima yaliyohamia kinywani mwa mtoto, na hayapatani na yanayotendeka: kama kazi ni mbali, sahani inamfikiaje Baba alasiri na kurudi tupu alasiri hiyohiyo? Msimulizi hasemi uongo. Anasema anachoamini, nasi tunaona zaidi yake kwa kutumia macho yake mwenyewe. Msomaji anayeimeza sentensi hii kama ilivyo, hadithi yote imempotea.

Hapo ndipo dada wa nne aliporuka hatua. "Mimi" wa hadithi ni mhusika kama Mama na Bwana Athmani. Hata kama baba wa mwenzenu alikuwa baharia, hilo linatueleza malighafi aliyoipata mtunzi. Halituelezi kwa nini dirisha linafungwa baada ya Bwana Athmani kusema na si kabla. Maisha ya mtunzi na zama zake yana kazi yake, lakini kazi hiyo ni kufungua swali. Kitabu cha Kusadikika cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na ndani yake Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Anayejua miaka ile ilikuwaje ataitazama mahakama hiyo kwa jicho kali zaidi. Akikimbilia kusema Karama ndiye Shaaban Robert mwenyewe, basi hana tena sababu ya kufuata jinsi Karama anavyojitetea, hoja moja ikibebana na nyingine. Mshtaki wa Karama anaitwa Majivuno, na hayo ni majazi, jina kubeba tabia ya mwenyewe. Lakini msitoke hapo mkaanza kulikamua kila jina. Athmani wa hadithi hii ni Athmani tu, mpaka maandishi yafanye jambo na jina lake.

Jambo la pili la kutazama ni vitenzi, na hapa Kiswahili kinatupa chombo ambacho wasomaji wengi wanacho mkononi na hawakitumii. Tangu mwanzo, matendo ya kipande hiki yanakwenda kwa hu-: hupakua, hula, hufunikwa, huvaa. Hu- ni mazoea. Haituambii Ijumaa ngapi, inatuambia kwamba mambo yamezoeleka hata hayahesabiwi. Kisha "Siku moja Bwana Athmani alipita". Inaingia -li-, na nyuma yake -ka- zinafuatana: akaketi, akasema. Pale vitenzi vinapobadilika ndipo tukio lilipo. Na baada ya hapo hu- hairudi tena. Hata wali wa Ijumaa, uliokuwa "hupakua", sasa ni "alipakua". Mazoea yamevunjika, na mtoto ametuambia hivyo kwa sarufi yake kabla hajatuambia kwa maneno. Mkisoma hadithi yoyote, tieni duara mahali ambapo wakati wa vitenzi unageuka. Mara nyingi hapo ndipo hadithi ilipogeuka.

Tuje kwenye tafsiri zenu. Chukueni karatasi, mgawe safu tatu: kilichosemwa, kinacholazimika kutokana na kilichosemwa, na kilichoongezwa na msomaji. "Sahani ilirudi tupu" imesemwa. "Kuna mtu anakula, au anapokea, chakula hicho" inalazimika. "Ni mke mwingine" imeongezwa. Nyongeza si dhambi, hakuna anayesoma bila kuongeza. Kosa ni kuisahau kwamba ni nyongeza, ukaitetea kama kwamba imeandikwa.

Jela ndiyo inayoanguka upesi zaidi. Inaieleza sahani, inaeleza hata ile "kazini" ya kumficha mtoto. Lakini inaliacha dirisha, inaviacha vyombo vya baharini, inaiacha kusi, upepo ule wa msimu. Robo nzima ya kipande inabaki bila kazi.

Sadaka ina nguvu, na ina ushahidi ambao dada wa kwanza hakuutaja: Ijumaa. Kwa nini siku hiyo tu? Anayemletea sadaka maiti wake Ijumaa anaeleweka pwani yote bila kufafanuliwa. Dirisha la pwani nalo linafaa. Lakini kuna mambo mawili yanayoisumbua tafsiri hii. La kwanza ni eda. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na haendi huku na huku bila haja. Mama huyu anatoka kila Ijumaa alasiri, na kwa hu- ile, ametoka mara nyingi. Basi ama eda imekwisha zamani, ama hajajihesabu kuwa mjane, pengine kwa kuwa hakuna aliyeleta habari. Yote mawili yanawezekana, ila lazima mseme mnashika lipi, kwa sababu yanatoa akina mama wawili tofauti. La pili ni wakati. Kama ni sadaka ya maiti, kwa nini ikome wiki ileile vyombo vilipoanza kutoka? Anayewaombea wafu hasubiri bahari itulie ndipo aache.

Hapo ndipo penye neno linaloamua, na katika barua yako sioni kama kuna aliyeligusa. Bwana Athmani hakusema vyombo vimeanza kurudi. Alisema vimeanza kutoka. Fanyeni jaribio: someni kipande chote kwa "kurudi". Mara moja hadithi inakuwa ya mtu aliyesubiriwa, wenzake wakarudi bila yeye, na mkewe akalifunga dirisha kwa kukata tamaa. Ni hadithi nzuri, na nadhani ndiyo aliyoisikia dada wa kwanza. Lakini siyo iliyoandikwa. Rudisheni "kutoka" na mtaona kitu kingine: mtu aliyekuwa pwani msimu wote wa kusi, karibu kiasi cha kupelekewa sahani, na sasa bahari inamwita. Ijumaa iliyofuata hakuna sahani kwa sababu hayupo wa kuila. Dirisha linafungwa ili chombo kisionekane kikitoka. Na mzee yule, kwa nini amwambie habari za kusi mwanamke asiye na chombo? Kwa sababu hiyo ndiyo njia ya mtu mzima kufikisha habari nzito kwa heshima, akiwa ameketi dakani, bila kuingia ndani na bila kutaja jina la mtu.

Kwa hiyo naipa nguvu zaidi tafsiri ya dada wa pili, baada ya kuipunguza. Maandishi yanabeba kwamba Baba yu hai, ni mtu wa bahari, yuko karibu na hakai nyumbani. Kwa nini hakai, hatukuambiwa. Mke mwingine ni sababu moja. Ugomvi ni nyingine, na talaka ambayo mtoto hajaambiwa ni nyingine. Hata hivyo Ijumaa bado inaisumbua tafsiri hii: siku nyingine anakula wapi, na nani? Msiizibe nafasi hiyo kwa haraka. Tafsiri njema inajua pale inapovuja, na aliye nayo anasema hivyo mwenyewe kabla hajaulizwa.

Jaribio lile la neno mnaweza kulifanya kwa kila hadithi. Badilisheni neno moja kwa jirani yake wa karibu, someni tena, angalieni kilichobadilika. Kisipobadilika kitu, neno hilo halina uzito, msijenge juu yake. Kikibadilika chote, mmeshika mhimili. Jaribuni kwa "komeo". Dirisha lililofungwa na dirisha lililofungwa likatiwa komeo ni mambo mawili, kwa sababu la pili linataka mkono wa ziada na nia ya ziada.

Mmeona pia kwamba eda na kusi hazikufafanuliwa hadithini. Ninyi mnazijua kwa kuishi. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na ikichachamaa vyombo vidogo hukaa. Msomaji asiyejua hilo ataona "kusi imetulia" kuwa pambo la hali ya hewa tu. Ujuzi wa nyumbani ni ushahidi halali, maadamu kuna neno katika maandishi linaloualika. Mfano mkubwa ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 1994 na sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kijana Yusuf anatolewa kwao kulipia deni la babake kwa tajiri Aziz, na baadaye mke wa tajiri anamtaka, shati lake likapasuka kwa nyuma. Aliyesoma Surat Yusuf, sura ya Kurani yenye kisa cha Nabii Yusuf, hahitaji kuonyeshwa. Jina la kijana, jina la Aziz na shati lililoraruliwa nyuma vinatosha. Wahakiki huita hali hii mwingilianomatini. Ila kutambua mwangwi ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuuliza hadithi mpya inaachana wapi na ile ya kale. Nabii Yusuf aliishia kukabidhiwa hazina za Misri. Yusuf wa Gurnah anaishia kukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Umbali baina ya miisho hiyo miwili ndipo riwaya inaposema neno lake, na msomaji aliyetosheka na "aa, hii ni kisa cha Yusuf" amesimama mlangoni.

Kuhusu taashira, yaani kitu kusimama badala ya maana nyingine, nina hofu kidogo na mazoea ya shuleni, ambako kila bahari ni kifo na kila giza ni dhiki. Kitu katika hadithi huanza kubeba maana ya ziada kinapofanya angalau moja kati ya haya: kinarudiwa, kinawekwa pale hadithi inapogeuka, au kinapewa maneno mengi kuliko mahitaji ya tukio. Dirisha limewekwa kwenye mgeuko, linastahili kuulizwa. Sahani imerudiwa, inastahili. Kawa imetajwa mara moja, ikafunika chakula kama kawa zote zinavyofunika. Iacheni ifunike.

Mazoea mengine yanayoharibu usomaji ni kukimbilia funzo. "Mtunzi anatuonya tusiwafiche watoto ukweli." Labda. Lakini hukumu hiyo ingeweza kuandikwa bila kusoma kipande chochote, na dalili yake ni kwamba haimhitaji Mama huyu wala Ijumaa hii. Kama funzo lenu linatosha kuwekwa chini ya hadithi nyingine kumi bila kubadilishwa, bado hamjaisoma hii. Vivyo hivyo kumhukumu mhusika kama jirani: "Ningekuwa mimi, nisingempelekea." Hilo linatueleza wewe ni nani. Ulizeni badala yake hadithi inamweka Mama wapi, inampa maneno mangapi, na kwa nini haimpi hata moja. Ndiyo, tazameni tena. Mama anapakua, anavaa, anatoka, anafunga, anatazama. Hasemi neno hata moja.

Kwa Alhamisi zijazo ningependekeza hivi. Hadithi isomwe mara tatu. Ya kwanza bila kalamu, kwa mkao mmoja, kila mtu peke yake nyumbani. Hadithi ya maneno elfu tatu haizidi dakika ishirini hivi. Ya pili kwa penseli, na alama tatu tu: duara kwa wakati unaogeuka, mstari kwa kinachojirudia, alama ya kuuliza kwa tendo lisilotajiwa sababu. Zikizidi tatu mtaipaka karatasi yote na hamtaona kitu. Ya tatu kwa sauti, mkiwa pamoja, msomaji mmoja, polepole. Sauti hufichua sentensi ambayo macho yaliiruka. Kabla ya mtu kufungua mdomo kujadili, kila mmoja aandike tafsiri yake kwa sentensi moja na mahali patatu katika maandishi panapoibeba. Hili la kuandika kwanza ni muhimu kuliko yote, kwa kuwa bila hilo mwenye sauti kubwa au mwenye umri mkubwa ataamua, na wengine watanyamaza kwa adabu. Kisha mtu mmoja apewe kazi ya kutafuta neno linaloipinga kila tafsiri, pamoja na yake mwenyewe. Mpokezane kazi hiyo kila wiki.

Na mtunzi wenu mwacheni anyamaze, amefanya vyema. Kesho akisema alikusudia kifo, mpokeeni kwa heshima, kisha mwonyesheni "kutoka". Alilokusudia liko moyoni mwake. Aliloandika liko mbele yenu, na ni hilo mnaloweza kulisoma. Kama kweli anataka iwe hadithi ya kifo, ana neno moja la kubadilisha na sababu ya eda ya kufikiria. Kama hataki kubadilisha, huenda mkono wake ulijua zaidi ya alivyopanga, jambo linalowapata watunzi wazuri.

Sasa binti yako. Usimnyang'anye mwongozo, ila ubadilishe mpangilio. Mwongozo ukitangulia, humpa majibu ya maswali ambayo hajajiuliza, na riwaya inageuka mahali pa kwenda kuthibitisha. Asome sura ya riwaya kwanza. Akimaliza, achague maneno ya mhusika mmoja yaliyomgusa au kumkwaza, ayape muktadha kama lile swali la dondoo la mtihani: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, wanazungumza kuhusu nini. Swali hilo watoto hulichukulia kuwa la alama rahisi za kuanzia, na kumbe ndilo lililo karibu zaidi na usomaji wa kweli. Aongeze la tano, ambalo mtihani haumuulizi kila mara: huyu anayesema, ni jambo gani asilolijua? Baada ya hapo afungue mwongozo, sura ileile. Kila sifa ya mhusika iliyotajwa humo, kama "mwenye tamaa" au "mvumilivu", aiandikie namba ya ukurasa wa riwaya unaoithibitisha. Sifa asiyoipatia ukurasa aiwekee alama, amuulize mwalimu wake, na asiiandike kwenye jibu mpaka apate pa kuishika.